Siku Waheshimiwa Walipobangua Korosho

Hapana, hawakuwa polisi.

Najua wapo wasomaji wa sehemu iliyopita waliokwisha kumzika Dominika. Mmoja wa Mkunya amenitumia ujumbe kwamba kama gari lile limemgonga, basi yeye na gazeti hili ndiyo mwisho. Tulia, ndugu yangu. Gari lililokuja mbio kutoka njia ya Masasi, likiwa limejifunika vumbi lake lenyewe, lilifunga breki hatua mbili tu mbele ya miguu yake. Dominika hakusogea. Alikuwa amesimama katikati ya lango la kiwanda cha Uwanda Korosho, kanga imekazwa kiunoni, akisubiri virungu.

Nyuma yake walikaa chini wanawake zaidi ya mia, karibu wabanguaji wote wa kiwanda, katika siku ya tisa ya mgomo.

Hawakuwa wameomba makubwa. Walitaka mafuta ya nyonyo ya kupaka mikononi, maana utomvu wa ganda la korosho unachoma ngozi kama tindikali. Tangu serikali iuze kiwanda kwa mtu binafsi, mafuta hayo yalifutwa, ikaelezwa kuwa ni anasa. Walitaka lango lisifungwe kwa kufuli wakiwa ndani kazini. Na walitaka wenzao kumi na wanne waliofukuzwa kwa kuyasema hayo mawili warudishwe. Wa kwanza katika hao kumi na wanne alikuwa Dominika mwenyewe, Mama Flora, katibu wa mgomo.

Mlango wa gari ukafunguka. Kikatoka kiatu cheusi kinachong'aa. Halafu suruali ya kaunda suti. Halafu tabasamu.

"Hamjambo mama zangu?"

"Mbunge!" akapiga kelele Anjelina kutoka nyuma. "Jamani, ni mbunge!"

Naam, alikuwa Mheshimiwa Cuthbert wa chama kikongwe, aliyekuwa akitetea kiti chake Septemba ile ya mwaka 2000. Alimpita Dominika, akamwinamia Bibi Stamili, mbanguaji mzee kuliko wote, aliyekuwa amenyoosha miguu juu ya gunia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo? Umepotea sana, baba. Mara ya mwisho nilikuona nikiwa bado na meno ya mbele."

Wanawake wakaangua kicheko. Cuthbert naye akacheka, na hilo lilimpunguzia Dominika mashaka kidogo. Mtu anayeweza kuchekwa, alijisemea, huenda ana masikio.

"Nimekuja kuwaunga mkono," alisema Cuthbert kwa sauti ya kanisani. "Kilio chenu nimekisikia kule Dodoma."

Kabla hajafika sentensi ya tatu, ngoma ya sindimba ikalipuka kutoka upande wa Chilangala.

Lori lilikuja likiyumba, spika nne juu ya paa, vijana wa chama wakining'inia pande zote kama nguo kwenye kamba. Juu ya bodi alisimama Ndugu Sultani, mgombea wa chama kipya, mfupi, mnene, jasho tele, kipaza sauti mdomoni.

"Wabanguaji oyeee! Nimekuja kuwaunga mkono!"

"Nimetangulia mimi, njomba," Cuthbert akasema.

"Umetangulia miaka mitano na hukufanya kitu!"

"Subiri zamu yako."

"Zamu yangu ni Oktoba!"

Basi ikawa vurugu. Wapambe wa Cuthbert wakafungua buti la gari, wakatoa kanga. Wapambe wa Sultani wakamwaga fulana. Benchi la Anjelina, yaani wanaobangua naye pamoja kazini, likaanza wimbo wa chama kikongwe. Benchi la Loveness likajibu na wimbo wa chama kipya. Anjelina na Loveness, waliokula sahani moja ya muhogo siku tisa mfululizo, sasa walikuwa wakivutana fulana moja, kila mmoja na mkono wake wa fulana.

"Niachie, Mama Godi!" Anjelina akamfokea Loveness.

"Niachie wewe! Wewe si una kanga?"

Dominika akainua macho. Ghorofani, kwenye dirisha la ofisi, meneja alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alikuwa akicheka hadi chai inamwagika kwenye kisahani.

Moyo wa Dominika ukashuka hadi kwenye ndala. Njaa haikuwavunja. Baridi ya asubuhi ya Newala haikuwavunja. Barua tatu za vitisho hazikuwavunja. Leo fulana zitawavunja kwa robo saa!

Palikuwa na pipa tupu la lami kando ya lango. Akalipanda.

"Nyamazeni!"

Hakuna aliyenyamaza. Akavua ndala moja, akaligonga pipa kwa kisigino cha ndala ile. Halikutoa sauti ya maana. Bibi Stamili akainuka, akachukua jiwe, akaligonga yeye. Hapo watu wakanyamaza.

"Waheshimiwa," Dominika alisema. "Wote wawili mmesema mmekuja kutuunga mkono. Tunashukuru. Mikono yenyewe ndiyo hii."

Akainyoosha. Vidole vilikuwa vyeusi hadi kwenye viungo, ngozi imebanduka kama karatasi, ncha mbili hazina kucha.

"Nani atauunga huu?"



"Tumekubaliana hivi," akaendelea, ingawa hakuwa amekubaliana na mtu yeyote. "Hakuna atakayehutubia kabla hajabangua. Korosho ishirini kila mmoja. Mikono mitupu, bila mafuta, kama tunavyobangua sisi. Na zitoke nzima. Atakayemaliza kwanza ndiye ataongea kwanza."

Wanawake walipiga vigelegele ambavyo, naapa, vilisikika hadi sokoni.

Mpambe mmoja wa Cuthbert, kijana wa miwani, akajitokeza mbele. "Mama, Mheshimiwa ana ratiba. Saa saba anatakiwa Chiungutwa."

"Basi aende Chiungutwa," akajibu Bibi Stamili. "Huyu mwenye fulana atabaki na sisi."

Cuthbert akamtazama Sultani. Sultani akamtazama Cuthbert. Hakuna aliyeweza kukataa mbele ya mwenzake. Cuthbert akakunja mikono ya kaunda suti. Sultani akamkabidhi kijana wake saa ya mkononi.

Bibi Stamili hakuwa mtu wa kubahatisha. Nyumbani kwake, nyuma tu ya kiwanda, alikuwa na ndoo ya korosho za msimu uliopita. Ikaletwa. Yakaletwa mawe mawili na nyundo mbili za mti. Viongozi wakakalishwa chini, uso kwa uso, miguu imetanuliwa, na wanawake wakawazunguka mduara mnene kiasi kwamba aliyekuwa nyuma hakuona kitu.

"Moja, mbili, tatu!"

Korosho ya kwanza ya Sultani iliruka kama risasi, ikampata kijana wa miwani kwenye paji la uso.

"Samahani!"

Ya pili ilipasuka vipande vinne. Ya tatu ilikuwa kidole chake mwenyewe.

"Mama yangu wee!"

"Usijipanguse usoni, baba!" Dominika akamwahi. "Ukishika jicho ndiyo basi tena!"

Lakini jasho lilikuwa likimwingia machoni, na Sultani alibaki akipuliza uso wake mwenyewe kwa mdomo wa pembeni, mikono ameinyanyua juu kama mtu aliyetekwa. Mama mmoja alicheka hadi akamkabidhi mwenzake mtoto, akalala chini kabisa.

Upande wa pili hakukuwa na kelele.

Ko. Ko. Ko.

Cuthbert alikuwa ameinama. Alikuwa akiisimamisha korosho kwa ncha za vidole viwili, anaigonga pigo moja tu kwenye mshono, anaizungusha, pigo la pili, ganda linafunguka, kiini kinadondoka kizima, kisafi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu. Hakulalamika.

Kicheko kikafa polepole. Wanawake wakasogea. Mbanguaji anamjua mbanguaji.

"Huyu kafundishwa," akanong'ona Bibi Stamili.

"Kumi na nane," wakahesabu kwa pamoja. "Kumi na tisa. Ishirini!"

Cuthbert akaweka nyundo chini. Aliitazama mikono yake, na Dominika, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona machozi.

"Mama yangu alibangua korosho miaka kumi na moja," alisema, na safari hii sauti haikuwa ya kanisani. "Usiku akinipapasa kichwani nilikuwa nakwepa, kwa sababu mikono yake ilikwaruza. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nakwepa."

Ah! Mngewaona wanawake wale. Kanga zilipanda machoni mabenchi yote mawili, la chama kikongwe na la chama kipya. Ile fulana ilikuwa imeanguka mavumbini, hakuna aliyeikumbuka.

Sultani naye hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Akasimama, korosho zake nne zilizosagika mbele yake, vidole vimevimba kama maandazi.

"Wananchi, mimi nasema ukweli," alisema. "Nimekula korosho maisha yangu yote. Leo ni mara ya kwanza korosho imenila mimi."

Wakamshangilia yeye zaidi. Loveness akamletea bakuli la mafuta ya nyonyo, aliyoyakamua mama yake nyumbani, na Sultani akazamisha mikono yote miwili humo huku akisema "aaah" mbele ya kipaza sauti bila kujua kwamba kiko wazi. Ile "aaah" iliruka kwa spika nne juu ya mji wote wa Newala.

"Sasa," Dominika akasema, "twendeni mkaongee na meneja. Nyote wawili. Pamoja."

Wakaenda. Sultani hakuweza kushika kitasa, Cuthbert akamfungulia mlango. Wanawake wakaimba. Zikapita dakika arobaini, na kila dakika kumi Bibi Stamili aliligonga pipa kwa jiwe, ili meneja asije akafikiri wamelala.

Mlango ukafunguka.

"Mafuta ya nyonyo mtapata," Cuthbert akatangaza, "kuanzia Jumatatu!"

Vigelegele.

"Kufuli linatolewa leo hii!"

Vigelegele zaidi.

"Na wenzenu waliofukuzwa wanarudi kazini." Akasita. Akamtazama Dominika, halafu akaangalia kando. "Kumi na watatu."



"Walikuwa kumi na wanne," akasema Bibi Stamili.

"Meneja amekataa mmoja. Anasema kiongozi wa mgomo hawezi kurudi. Mama Flora."

 Akilini Dominika akamwona Flora, bintiye, na daftari zake za darasa la sita. Akaliona shamba lao dogo la mihogo, na mikorosho minane aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kisha akawatazama wale kumi na watatu, mmoja mmoja, wamesimama pamoja kando ya ukuta, wote wakitazama chini.

Siku tisa, akawaza. Wameshinda. Asiwaharibie.

"Rudini kazini," alisema. "Mimi nitalima. Kwani kabla ya kiwanda nilikuwa nakula nini?"

Alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

Bibi Stamili alirudi kwenye gunia lake, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mimi nilianza kukaa hapa kwa sababu ya mikono yangu," alisema. "Sasa nakaa kwa sababu ya Mama Flora. Nani ana haraka?"

Anjelina akakaa. Loveness akakaa. Wale kumi na watatu wakaondoka ukutani, wakaja kukaa mbele kabisa. Katika muda wa kupumua mara mbili, wanawake mia na ishirini walikuwa chini, na aliyebaki wima alikuwa Dominika peke yake, akilia waziwazi.

"Nilimwambia meneja kule ndani kwamba hawatakubali," Sultani akamwambia mwenzake.

Cuthbert akageuka, akapanda ngazi tena, peke yake. Hakukaa hata dakika tano. Alipotoka, alinyanyua vidole vyake vilivyoungua, vyote kumi, kisha vinne.

"Kumi na wanne!"

Hapo, msomaji wangu, kalamu haiwezi. Walimnyanyua Mheshimiwa juujuu, kiatu kimoja kikamtoka. Walimnyanyua na Sultani, wakashindwa, wakamrudisha chini taratibu. Sindimba ikapigwa upya na wazee kwa vijana wakatikisa viuno. Mama wa watu, mwenye wajukuu saba, alimfunga kijana wa miwani kanga ya kiunoni na kumfundisha palepale.

Dominika alichezeshwa, akakumbatiwa, akabusiwa. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye bega la Veridiana, mwanamke mrefu wa Mkunya, wakizunguka pamoja, ndipo akashtuka.

"Veridiana! Wewe si ulikuwa lango la nyuma?"

"Nilikuwa," akajibu Veridiana huku akihema. "Tulisikia kelele. Mbunge anabangua korosho, dada! Ningekosaje?"

"Wote kumi mmekuja?"

"Wote."

Tangu siku ya kwanza, wanawake kumi walikuwa wakililinda lango la nyuma, la ghala, ili pasitoke hata gunia moja. Kiwanda bila korosho ni mabati matupu.

Dominika akaachia bega la Veridiana. Akatoka kwenye ngoma kinyumenyume, akazunguka ukuta, akaanza kukimbia.

Lori lilikuwa pale. Limesheheni hadi juu, turubai limefungwa kamba, mkia wake umeelekea ghalani na pua yake imeelekea barabara ya Mtwara. Ghala lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu ila panya mmoja aliyemtazama kwa mshangao.

Dereva alikuwa anakaza kamba ya mwisho. Mtu wa makamo, kofia ya sufu.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, dada. Huko mbele kuna harusi?"

"Karibu sawa na harusi. Hizi zinakwenda wapi?"

"Bandarini Mtwara. Zinakwenda kubanguliwa India." Alilisema kama mtu anayetaja saa. "Ghala zima limeuzwa. Vibarua wengi wamepakia mbio; malori mengine mawili yametangulia, yako njiani."

India! Dominika alilishika bodi la lori kwa mikono miwili. Mafuta ya nyonyo ya Jumatatu. Kufuli lililotolewa. Kumi na wanne waliorudishwa. Warudi kubangua nini?

"Naomba nione kibali, kaka yangu. Mimi ni mbanguaji wa hapa. Tuko mia na ishirini."

Dereva, aliyeitwa Nikolao, alimtazama usoni, halafu mikononi. Aliitazama mikono ile kwa muda. Akafungua mlango, akatoa karatasi yenye muhuri, akampa.

Dominika alisoma mstari wa kwanza tu.

*Mwenye mzigo: Cuthbert Eliakimu.*

Akausoma tena. Kutoka upande wa pili wa kiwanda wanawake walikuwa wakiimba jina hilohilo.

"Kaka Nikolao," alisema taratibu. "Nipe nusu saa."

Nikolao akalizunguka lori lake, akalipiga teke tairi la nyuma lililojaa upepo kama ngoma.

"Hili naliona kama limelegea," alisema. "Nitalikagua. Mimi huwa nakagua polepole sana."

Dominika alirudi akitembea. Hakukimbia. Karatasi alikuwa ameikunja kiganjani. Cuthbert alikuwa juu ya lori la Sultani sasa, soksi moja na kiatu kimoja, kipaza sauti mkononi, uso unang'aa kwa furaha ya kweli kabisa. Alipomwona, akapaza sauti:

"Huyo hapo shujaa wetu! Mama Flora, njoo! Njoo uwaambie wenzako leo nimewafanyia nini!"

Mikono ikampandisha. Kipaza sauti kikawa mbele ya mdomo wake. Chini, Bibi Stamili alikuwa akimpungia jiwe lake.

"Ndugu zangu," Dominika akasema, na spika nne zikairudia sauti yake. "Mheshimiwa anataka niwaambie ametufanyia nini. Basi nitawasomea."

Akaikunjua karatasi.

Cuthbert aliutambua muhuri. Tabasamu lilibaki palepale usoni, ila macho yalishaondoka.

"Kibali cha kusafirisha korosho ghafi," akasoma. "Mwenye mzigo..."

Spika zikakata. Zote nne.

Dominika akageuka upesi, akitarajia kumkuta kijana wa miwani amechomoa waya. Sivyo. Waya ulikuwa mkononi mwa Sultani, unateleza kwa mafuta ya nyonyo, na Sultani alikuwa akimtikisia kichwa, si kwa hasira, kwa kumsihi.

"Mama Flora," alinong'ona. "Nakuomba. Usisome mstari wa pili."

Mstari wa pili?

"Soma kwa mdomo, mwanangu!" Bibi Stamili akapiga kelele kutoka chini. "Spika za nini? Tunakusikia!"

Wanawake mia na ishirini wakasogea karibu. Dominika akashusha macho kwenye karatasi, akaliona jina la Sultani limepigwa taipu vizuri chini ya lile la Cuthbert, wabishi wa jukwaani, wabia wa ghalani. Akajaza kifua hewa ya Newala, akayasoma yote mawili, polepole, kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio.

Na kabla mtu yeyote hajasema neno, nyuma ya kiwanda, nusu saa haijaisha, injini ya lori la Nikolao ikanguruma.